Fisi na Nyota

Lugha ya kigeni ni kama nyumba ya jirani. Wako waingiao kwa mlango wa barazani, wakakaribishwa na kuwekewa kiti. Na wako waingiao kwa mlango wa uani, wakapita katikati ya kuku na vyungu. Mimi katika Kiingereza nilipita uani. Darasani nilifundishwa sarufi yake kwa miaka mingi, nayo ilikaa kichwani mwangu kama sahani za wageni kabatini: nilijua idadi yake, lakini sikupata kuzilia chakula. Kiingereza nilichokuja kukitumia nilikipata nje ya darasa, katika vitabu viwili vikuukuu, kimoja cha wanyama wa porini na kimoja cha nyota na sayari.

Kazi yangu leo ni kufundisha Kiswahili. Wanafunzi wangu wakisikia habari hii hudhani nitawaonyesha njia fupi ya kuijua lugha ile nyingine. Njia fupi sina. Nilicho nacho ni habari ya mwalimu mmoja asiyejua Kiingereza aliyenifundisha Kiingereza, na ya deni aliloniachia ambalo hata sasa sijamaliza kulilipa. Mwalimu huyo alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa mtu wa Pangani. Alizaliwa katika jamaa ya wavuvi na kukulia ufukoni. Lakini riziki, ambayo haichagui mahali, ilimtoa pwani ikamfikisha Ngorongoro, akawa askari wa wanyamapori. Sisi tulikaa Karatu, mji ulio chini ya nyanda zile za juu, na majirani walimwita Bwana Nyama, jina walilopewa zamani maofisa wa idara ya wanyama. Yeye hakuwa ofisa, naye alilipokea jina hilo kwa kicheko. Mama alikuwa Mwiraqw. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha wazee wangu wawili, kwa hiyo kikawa lugha ya nyumba yetu. Kasoko ya Ngorongoro ina kina cha mita 600 hivi, na sakafu yake ina ukubwa wa kilomita za mraba 260 hivi. Katika shimo hilo kubwa, lenye nyumbu, pundamilia, simba na fisi, baba alipitisha usiku mwingi kuliko aliopitisha kitandani mwake.

Mwaka 1994 niliingia kidato cha kwanza. Mwaka huo huo baba alirudi kutoka kazini na vitabu viwili alivyopewa na dereva mmoja wa watalii. Wageni walikuwa wameviacha garini, wala hakuna aliyerudi kuvidai. Majalada yalikuwa yamekwisha ng'oka, lakini kurasa za ndani zilikuwa nzima, na picha zilikuwa nzuri mno. Baba hakujua Kiingereza isipokuwa maneno machache ya kazi. Alifunua kitabu cha wanyama, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akanisukumia.

“Mwanangu,” akasema, “hawa wote nawajua. Nisichokijua ni kile wanachosemwa. Nisomee.”

Neno hilo moja, nisomee, lilinifaa kuliko mitihani yote. Wakati wangu mtoto alisoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa somo moja tu miongoni mwa masomo. Alipofika sekondari, mara masomo karibu yote yalimjia kwa Kiingereza, kama mtu aliyefundishwa kuogelea mtoni akatupwa bahari kuu. Wengi wetu tulikariri tusichokielewa. Mimi nami nilikariri. Lakini jioni nilikuwa na msikilizaji aliyekaa kitini akingoja, na msikilizaji huyo hakutaka kukariri. Alitaka kujua chui alifanya nini.

Faida ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya sarufi. Walimu walitufundisha kwamba kitenzi cha Kiingereza, kikiwa cha mtu wa tatu katika umoja, huongezwa herufi s mwishoni. Tuliimba kanuni hiyo kila asubuhi, na kila mchana tuliikosa. Sikuona kwa nini pawe na umbo lile, maana tuliambiwa ni wakati uliopo, na mimi nilipotaka kusema la wakati uliopo nilikuta watu wanatumia umbo jingine. Kitabu cha wanyama kikanifumbua macho. Karibu kila sentensi yake ilikuwa ya namna moja: simba huwinda, tembo hula, nyumbu huhama. Kitabu cha nyota kilikuwa vivyo hivyo: mwezi huzunguka dunia, dunia huzunguka jua. Nikaona kwamba umbo lile halikuwa la sasa hivi hata kidogo. Lilikuwa hu- yetu, ile isemayo ada ya kitu na desturi yake isiyobadilika. Tangu siku ile herufi iliyonitesa mwaka mzima ikatulia mahali pake. Nilikuwa na kanuni hiyo tangu utotoni. Ilinijia imevaa nguo nyingine, nisiitambue.

Faida ya pili ilikuja kwa aibu ndogo. Siku moja nilimsomea baba kwamba yuko mamba mweusi aendaye kasi sana na apandaye mitini. Niliposoma neno mamba katika Kiingereza nilifurahi kumkuta ninayemjua, wala sikujisumbua kufunua kamusi. Baba alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole, “Huyo mamba wako ana miguu mingapi?” Nikafunua ukurasa wa pili, ulio na picha. Hakuwa na mguu hata mmoja. Baba alicheka mpaka kofia ikamwanguka. “Huyo ni koboko, mwanangu! Mamba akipanda mti, sisi watu tutakaa wapi?” Baadaye nilikuja kujua kwamba Kiingereza kilipata neno hilo kutoka lugha za Kibantu za kusini, ambako mamba ni nyoka, kwetu ni mnyama wa mtoni. Basi nikajifunza kwamba neno linalofanana na letu halina budi kuulizwa maswali zaidi kuliko neno geni kabisa. Mgeni humpekua mlangoni. Mwenye sura ya ndugu yako humwacha apite.

Kamusi tuliyoitumia ilikuwa ya mwaka 1939, kazi ya Kamati ya Lugha na katibu wake Frederick Johnson, nasi tuliiazima kwa mwalimu mmoja jirani. Ilitufaa sana. Kitabu kiliita kundi la simba “pride”, na kamusi ikanieleza kwamba neno hilo lina maana ya kiburi, majivuno au fahari. Nilidhani nimekosea mstari. Kundi la wanyama litaitwaje kiburi? Baba hakushangaa. “Kwani sisi,” akasema, “dume la ng'ombe hatuliiti fahari? Hukusikia kwamba fahari wawili hawakai zizi moja?” Nilikuwa nimeisikia methali hiyo mara mia, wala sikupata hata siku moja kufikiri kwamba ndani yake mna neno lenye maana mbili. Lugha mbili zisizojuana zilitazama mnyama mwenye nguvu, kila moja kwa wakati wake, zikamtafutia jina katika nyumba moja na utukufu. Kiingereza kilinifanya nilisikie upya neno la Kiswahili.

Lakini palikuwa na neno dogo lililotushinda. Kiingereza humtaja mnyama kwa kiwakilishi “it”, ambacho ndicho kitajacho pia jiwe na meza. Mwanzoni nilitafsiri kwa uaminifu wa kitoto: “Kinanyemelea, kinatulia, kinaruka, kinaua.” Baba akanikatiza. “Ni nani huyo? Chui au kisu?” Nikamweleza kwamba ndivyo Waingereza wasemavyo. Akatikisa kichwa. Katika Kiswahili mnyama huingia ngeli moja na mtu, hata jina lake likiwa na umbo la kitu: kiboko anaogelea, kifaru amelala. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Jane Goodall, aliyefika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1960 kuchunguza sokwe. Alipopeleka makala yake ya kwanza ya kisayansi, mhariri alifuta viwakilishi vya mtu alivyowapa sokwe, akaweka “it” mahali pake, naye akavirudisha. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka baba na kisu chake. Shauri lililomgombanisha mtaalamu na mhariri wake, sarufi yetu ilikuwa imelikata zamani sana, wala hakuna aliyeandika.

Sasa naja katika jambo ambalo sipendi kulisimulia, lakini bila hilo habari yangu haina maana.

Kitabu cha wanyama kilikuwa na ukurasa mmoja wa fisi. Kilisema kwamba fisi ni mwoga, na kwamba hungoja simba ashibe ndipo aje kula masalio. Nilimsomea baba ukurasa huo jioni moja ambayo wenzake wawili wa kazini walikuwa wametutembelea. Baba aliposikia, akasema, “Hapo wamekosea. Fisi huwinda. Usiku hutoka kwa kundi, wakamchagua nyumbu mmoja na kumkimbiza mpaka achoke. Asubuhi mpita njia humkuta simba juu ya mzoga na fisi wamekaa pembeni, akadhani simba ndiye aliyeua. Mimi nimeona kwa macho yangu simba akija kuwanyang'anya.”

Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilikuwa nimeanza kuona kwamba Kiingereza changu kilikuwa kikubwa kuliko cha watu wa nyumbani. Ngano za bibi pia zilikuwa zimenifunza kwamba fisi ni mlafi na mjinga, basi kitabu na ngano vikashuhudiana. Nikasema mbele ya wageni, “Baba, kitabu hiki kimeandikwa na wataalamu. Wewe hukusoma.”

Hapana aliyejibu. Mama alikuwa akimimina chai, naye akauacha mkono hewani. Baba hakunigombeza, wala uso wake haukubadilika. Aliwaambia wenzake kwamba saa ya lindo imekaribia, akachukua koti lake, wakatoka. Tangu usiku ule hakuniambia tena nimsomee habari za wanyama. Alipotaka kusomewa alinyosha mkono kwenye kitabu cha pili, kile cha nyota. Nilielewa maana yake, na kwa kuwa nilielewa, nilishindwa kusema.

Hivyo ndivyo tulivyohamia mbinguni. Huko kamusi ya mwaka 1939 haikuweza kutusaidia sana, kwa sababu chombo cha kwanza kilichorushwa na binadamu kuizunguka dunia, Sputnik, kilirushwa tarehe 4 Oktoba 1957. Nilisoma kwamba mwezi huizunguka dunia, hauanguki wala hautoroki, nami nikakosa maneno ya kueleza sababu. Baba alinionyesha mbuzi wa mama aliyefungwa kwenye kigingi. Mbuzi akikimbia hutaka kwenda zake moja kwa moja. Kamba humvuta ndani. Basi mwisho huwa anazunguka. “Kamba ya mwezi iko wapi?” akauliza. Nikasema haionekani. “Basi ina nguvu kuliko hii,” akasema. Nimepata kusoma maelezo marefu ya mvutano tangu siku ile, na yaliyo mengi sikuyaelewa upesi kama nilivyomwelewa mbuzi yule.

Jioni nyingine nilikwama katika maneno mawili, “spring tide”. Nilijua kwamba neno la kwanza laweza kuwa chemchemi, au kuruka, au majira ya machipuo katika nchi za baridi, na la pili lahusu kujaa na kupwa kwa maji. Nikaunganisha hiki na kile, nikapata bahari irukayo wakati wa machipuo. Baba aliniuliza kitabu kinasema jambo hilo hutokea lini. Nikasoma: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa nyakati hizo jua, mwezi na dunia hukaa katika mstari mmoja, na mvuto wa jua na wa mwezi hufanya kazi pamoja. “Hiyo ni bamvua,” akasema. “Na mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu.” Nikaangalia mstari uliofuata: ndivyo kilivyosema kitabu, kwamba mwezi ukiwa nusu mivuto miwili hupingana kwa pembe, na maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Babu yangu wa Pangani alipanga uvuvi wake kwa kuifuata bamvua kabla ya mimi kuzaliwa. Mimi, mtoto wa nyanda za juu, nilidhani Kiswahili hakina neno hilo. Kiswahili kilikuwa nalo. Kiswahili changu ndicho kilichokuwa hakina.

Kosa hilo nimeliona kwa wasomi wengi tangu hapo, na mara nyingine kwangu mwenyewe. Tunapokosa neno tunasema lugha yetu ni maskini, kama mtu atafutaye chumvi katika chumba kimoja, akatangaza kwamba nyumba nzima haina chumvi. Baba alinifundisha majina ya Zuhura, Mushtarii na Zohali, na kuzama na kuzuka kwa Kilimia, ambacho wakulima na mabaharia walikitazama ili kujua majira. Yote haya niliyapata kwa sababu ya kitabu cha Kiingereza kilichonilazimisha kuuliza.

Katika kitabu hicho hicho, katikati ya mistari ya Kiingereza kitupu, siku moja nilikuta neno “Uhuru”. Lilikuwa jina la setilaiti ya Marekani iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, mali ya Waitalia, lililosimama baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru wake, na kwa heshima hiyo setilaiti ikapewa jina la Kiswahili. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kutafuta miali ya eksirei itokayo angani, na kazi yake ilisaidia kutambulisha kitu kiitwacho Cygnus X-1, ambacho wanafalaki wanakihesabu kuwa shimo jeusi, yaani mzigo mzito kiasi kwamba hata nuru haiwezi kutoka ndani yake. Baba aliomba kitabu. Neno hilo lilikuwa moja katika kitabu kizima ambalo aliweza kulisoma mwenyewe. Aliweka kidole juu yake, akalisoma kwa sauti, kisha akanirudishia bila kusema neno.

Nilimaliza sekondari, nikaingia chuo kikuu kusoma lugha. Mwaka 2002, nikiwa maktaba kutafuta kitabu kingine kabisa, macho yangu yaliangukia jina la fisi. Kilikuwa kitabu cha Hans Kruuk kiitwacho The Spotted Hyena, kilichotolewa mwaka 1972. Mtaalamu huyo Mholanzi aliwachunguza fisi wa Serengeti na wa Ngorongoro katika miaka ya 1960. Nilianza kukisoma nikiwa nimesimama, na nikaendelea kusimama. Alieleza kwamba fisi huishi katika koo zenye mipaka yake, na kwamba majike ni wakubwa kuliko madume na ndio watawalao. Alieleza kwamba sehemu kubwa ya chakula chao huiua wenyewe, usiku, kwa kumkimbiza mnyama. Na kwamba katika kasoko ya Ngorongoro simba ndiye aliyekula mara nyingi mawindo ya fisi. Mtu afikaye asubuhi huona mwisho wa jambo, akakosea mwanzo wake.

Masikio yalinichoma. Yote hayo nilikuwa nimeyasikia kwa Kiswahili miaka minane nyuma, bure, kitini kwetu, nikayakataa kwa kuwa hayakuwa na herufi. Nilinunua daftari, nikaanza kuzifasiri kurasa zile. Hiyo ilikuwa tafsiri yangu ya kwanza, na hata leo naiona ngumu kuliko zote nilizofanya, kwa kuwa nilimjua msomaji wake.

Likizo ilipofika nilikwenda Karatu. Baba alikuwa amekwisha staafu, akiota jua barazani. “Shikamoo, baba.” “Marahaba, mwanangu.” Nilimwambia kwamba nimekuja na kitu cha kumsomea, na kwamba ni habari ya fisi. Alinitazama, akasogeza kiti. Nikasoma kutoka mwanzo hadi mwisho, yeye akisikiliza amefumba macho. Nilipofunga daftari nikamwomba radhi kwa neno nililosema mbele ya wageni wake.

Hakulijibu hilo mara moja. Aliuliza, “Huyo Mholanzi, usiku alikuwa akilala?”

“Hapana, baba. Usiku aliwafuata, hasa wakati wa mbalamwezi.”

“Basi ndiyo sababu,” akasema. “Alikesha.” Akanyamaza, kisha akaongeza, “Yale yamekwisha. Soma mbele.”

Nimeyatafakari maneno hayo kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliyeandika kitabu chetu kisichokuwa na jalada aliandika kwa Kiingereza, akakosea. Kruuk aliandika kwa Kiingereza, akapata. Baba alisema kwa Kiswahili, akapata. Basi ukweli haukuwa katika lugha. Ulikuwa kwa aliyekesha. Lakini kuna tofauti moja isiyoweza kufichwa. Kruuk alikesha na kalamu, na maarifa yake yalinifikia maktaba miaka thelathini baadaye. Baba alikesha bila kalamu, na maarifa yake yalimfikia mtoto mmoja mwenye kiburi, aliyeyatupa. Kosa la utoto wangu lilikuwa kudhani kwamba lugha yenye vitabu vingi ndiyo yenye akili nyingi. Kosa hilo si la watoto peke yao.

Likizo ile ile nilimweleza habari ya vyombo viwili vilivyoitwa Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977. Cha pili kilipita karibu na Mushtarii, Zohali, Uranus, na mwisho Neptune mwaka 1989. Kila kimoja kimechukua sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye sauti za dunia na salamu kwa lugha 55, ili ikitokea siku moja viumbe wengine wakaiokota, wajue kwamba tulikuwako. Nilikuwa nimeinakili orodha ya lugha hizo. Baba akaniambia nizisome zote. Kilikuwamo Kisumeri, kilichokufa zamani za kale; kilikuwamo Kiakadi. Katika lugha za Afrika walikuwamo Kiganda, Kinyanja na Kisotho. Nilipofika mwisho akauliza, “Na Kiswahili?” Nikamwambia hakimo.

Alicheka kidogo. “Wamesalimu kwa lugha za waliokufa, wakatusahau tulio hai.” Halafu akatazama barabarani, ambako watoto wa shule walikuwa wakipita na madaftari yao. “Si neno,” akasema. “Huko juu hakuna wa kuitikia kwa sasa. Wanaongoja salamu ni hawa.”

Hilo ndilo deni langu. Hakuniambia niache Kiingereza. Bila Kiingereza nisingalimjua Kruuk, wala nisingaliulizwa juu ya bamvua. Aliniambia nisiende safari ya kwenda tu. Mtu apelekwaye kisimani halaumiwi kwa kwenda, hulaumiwa akirudi na ndoo tupu. Kazi imekwisha anzwa na wengi kabla yangu: Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Istilahi si haba. Kilicho haba ni vitabu ambavyo mtoto angevisoma kwa mapenzi, vya fisi na vya nyota, vyenye picha nzuri na hu- zilizokaa mahali pake, ambavyo mzee wake angeweza kuvisoma mwenyewe ukurasa mzima badala ya neno moja.

Baba alifariki mwaka 2014. Kabla ya hapo nilimpa habari kwamba Voyager 1 kilikuwa kimevuka, mwezi wa Agosti 2012, mpaka wa upepo utokao kwenye jua letu, kikaingia katika nafasi iliyo kati ya nyota na nyota. Sasa kiko mbali zaidi ya kilomita bilioni 24, na ujumbe wake, uendao kwa mwendo wa nuru, huchukua zaidi ya saa 22 kutufikia. Nilimweleza yote kitandani pake, kwa Kiswahili, wala sikukwama katika neno lolote. Aliuliza kama sahani bado imo ndani. Nikamjibu imo.

Daftari la fisi ninalo hata leo. Wino umefifia, na tafsiri yake ina makosa ambayo nisingalimsamehe mwanafunzi. Nimeanza kuliandika upya, si kwa kumfasiri Kruuk peke yake, bali kwa kuweka kando yake yale niliyoyasikia barazani kwetu, kila mmoja kwa jina lake. Nimechelewa, nami nakiri. Sentensi ya kwanza haikunipa taabu, maana niliipata nikiwa na miaka kumi na minne: Fisi huwinda.